Mipaka ya Moyoni na Mipaka ya Ramani

Kando ya barabara kuu iendayo kusini-magharibi mwa jiji la Houston, katika mtaa wa maofisi uitwao Greenway Plaza, limesimama jengo kubwa ambalo katika muda wa nusu karne limepata kuwa na majina matatu na kazi mbili. Lilifunguliwa mwaka 1975 kwa jina la The Summit, likiwa uwanja wa ndani wa Houston Rockets, timu ya mpira wa kikapu. Baadaye likaitwa Compaq Center. Na tangu Julai 2005 ni kanisa la Lakewood, lenye viti vipatavyo 16,000, ambamo mhubiri Joel Osteen huwapa waumini wake, pamoja na wengi wamtazamao kwa televisheni, nasaha ambayo haibadiliki sana toka Jumapili hata Jumapili: kwamba mtu huwa jinsi anavyojidhania, na kwamba ajihesabuye mshinde amekwisha kushindwa kabla ya shindano kuanza. Sina ugomvi na nasaha hiyo, na wako watu ambao imewafaa. Ninalotaka kulitaja ni kwamba kabla jengo hilo halijawa mahali pa kuambiwa kwamba mwanadamu anaweza, lilikuwa mahali ambapo kijana wa Kiafrika alionekana kwa macho akiweza, na njia iliyomfikisha hapo haikuwa ya maneno.

Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos mwaka 1963, na katika ujana wake alikuwa mlinda mlango, wa kandanda na wa mpira wa mikono. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa tayari kijana mrefu wa sekondari, katika umri ambao wenzake wa Marekani huwa wameucheza tangu utotoni. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980 hapakuwa na sababu ya dhahiri ya kumfanya aamini kwamba atakuwa bingwa, wala makocha wake hawakuwa na haraka ya kuamini: mwaka wa kwanza hakuingizwa katika mashindano kabisa, na wa pili alicheza kwa kiasi. Lakini wakati wa kiangazi alikuwa akienda kwenye ukumbi wa Fonde, ukumbi wa manispaa usio na fahari yoyote, ambako Moses Malone wa Rockets, aliyekuwa wakati ule miongoni mwa wachezaji wa kati walio hodari kuliko wote duniani, alifanya mazoezi pamoja na yeyote aliyethubutu kumkabili. Olajuwon alimkabili. Alisukumwa, akazidiwa nguvu, akarudi tena. Na kidogo kidogo akaanza kutumbukiza mpira kikapuni juu ya mikono ya mtu yule yule aliyekuwa akimzidi. Mtu aliyekwisha kumfunga Moses Malone pale Fonde hana haja ya kuambiwa na yeyote kwamba anaweza kumfunga kijana wa chuo kingine, kwa maana analijua jambo hilo kwa mikono yake mwenyewe.

Wala si kwamba kushindwa kulikoma. Chuo chake kilifika fainali ya taifa mwaka 1983 kikafungwa na North Carolina State mchezo ukiwa unamalizika, kikafika tena mwaka 1984 kikafungwa na Georgetown. Ilimchukua miaka kumi mingine kupata ubingwa, aliponyakua kombe pamoja na Rockets mwaka 1994 na tena mwaka 1995, mara zote mbili mchezo wa kukata shauri ukichezwa katika jengo lile la Greenway Plaza. Msomaji wa pwani atapenda kulijua na hili: mwaka 1995 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Februari, Olajuwon akacheza hali amefunga saumu, na mwezi ulipokwisha akatangazwa mchezaji bora wa Februari katika ligi nzima. Dhana ya kwamba mwanamichezo aliyefunga ni mwanamichezo mnyonge ilikuwa na sura ya elimu, ila mwezi ule, kwa uchache katika mji ule, ilikosa mashahidi.

Texas ina soko kubwa la maneno ya kujiamini, na Dallas haikuachwa nyuma na Houston. Mary Kay Ash, aliyelelewa Houston, alifungua duka lake la vipodozi mjini Dallas mnamo Septemba 1963 kwa akiba ya dola 5,000, akalikuza likawa kampuni ijulikanayo duniani, na wauzaji wake walio bora aliwatunza pini ya almasi yenye umbo la nyuki, yule nyuki mnene mwenye manyoya. Hadithi yake ni kwamba wataalamu wa anga wamethibitisha kuwa nyuki huyo, kwa uzito wa mwili na udogo wa mbawa zake, hawezi kuruka. Lakini kwa kuwa yeye mwenyewe hajui, anaruka. Hadithi tamu, walakini si kweli. Nyuki huyo anaruka kwa sababu anaweza: hupeleka mbawa zake mbele na nyuma kwa kasi kubwa, zikazusha vizingia vya hewa vinavyomwinua, na hesabu iliyosema hawezi ilikosea kwa kumpima kana kwamba ni eropleni yenye mbawa zisizopinda. Laiti pini ile ingebeba fundisho hili la pili, ningeivaa hata mimi, kwa sababu limo jambo ambalo mahubiri ya kujiamini huliruka: yamkini kosa halimo moyoni mwa anayeambiwa hawezi, limo katika kipimo alichopimiwa.

Aliyelichunguza suala hili kwa utaratibu wa elimu ni Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyesomesha Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye mwaka 1977 alitangaza nadharia yake juu ya yakini ya mtu kwamba analiweza jambo fulani. Aliwachukua watu wenye hofu ya nyoka iliyopita kiasi. Baadhi yao walimtazama mtu mwingine akimshika chatu. Wengine walisaidiwa hatua kwa hatua, mkono kwa mkono, mpaka wakamshika wenyewe. Waliomshika wenyewe ndio waliopata yakini kubwa kupita wote. Waliotazama tu walipata, lakini pungufu. Kutokana na majaribio ya namna hiyo Bandura alitaja chemchemi nne za yakini: ya kwanza, na yenye nguvu kuliko zote, ni kulifanya jambo likafanyika, ya pili ni kumwona mtu wa hali kama yako akilifanya, ya tatu ni maneno ya kutiwa moyo, na ya nne ni hali ya mwili wenyewe, kama vile moyo kwenda mbio au kutulia. Maneno, ambayo ndiyo bidhaa inayouzwa kwa wingi, yanakuja nyuma ya vitendo na nyuma ya mifano.

Hata hivyo, Bandura alikuwa na chatu ambaye hakuwa na ubaya. Mwenye hofu alipomgusa, aligundua kwamba hofu ilikuwa yake tu. Je, ikiwa nyoka ana sumu kweli? Hapo ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu kisa cha Barbara Jordan hakisimuliki kwa maneno mawili.

Jordan alizaliwa mwaka 1936 katika kitongoji cha Fifth Ward, Houston, binti wa karani wa ghala aliyekuwa pia mhubiri wa Kibaptisti. Alisoma shule ya watu weusi, Phillis Wheatley, kwa kuwa sheria ilimkataza kuingia za weupe. Siku moja alikuja shuleni hapo mwanasheria mweusi wa Chicago, Bi. Edith Sampson, akawahutubia wanafunzi, na binti yule aliyeketi miongoni mwa wenziwe akaamua papo hapo kwamba atakuwa mwanasheria. Chemchemi ya pili ya Bandura, miaka mingi kabla ya Bandura kuiandika. Akaingia Texas Southern University, chuo ambacho serikali ya jimbo ilikiasisi mwaka 1947 kwa shabaha ya kumzuia Heman Sweatt, tarishi wa posta wa Houston, na weusi wengine, wasiingie katika shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Yaani chuo chenyewe kilikuwa ukuta. Ila ndani ya ukuta huo alikuwamo mwalimu wa midahalo, Thomas Freeman, na chini ya mafunzo yake timu ya Jordan ilipambana na wanafunzi wa Harvard ikatoka nao sare. Kisha akaenda kusoma sheria Boston, na huko akatambua jambo lililomuuma: elimu ya kutengwa aliyopewa ilikuwa imempunja, na ikambidi, kwa kauli yake mwenyewe, aanze kulipa deni la miaka kumi na sita ya kutofundishwa kufikiri. Laiti angetokea mtu siku ile akamwambia kwamba tatizo lake ni kutojiamini, angelimtukana, tena kwa haki.

Alirudi Houston akiwa mwanasheria, na mwaka 1962 akagombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la Texas. Akashindwa. Mwaka 1964 akagombea tena, akashindwa tena. Mtu akishindwa mara mbili moyo wake hupata kisingizio kilichokamilika: kwamba mwanamke mweusi, mnene, asiye na fedha wala ukoo mkubwa, hawezi kuchaguliwa katika Texas, na kwamba busara ni kukubali. Lakini Jordan alikuwa amezitazama hesabu za kura, na hesabu zilimwonyesha kitu kingine. Wagombea wa mwaka 1962 na 1964 walichaguliwa na kaunti nzima ya Harris kwa pamoja, hata kura za mitaa ya weusi zikamezwa na kura za wengine wote, ziwe nyingi namna gani. Kisha mahakama zikaingilia kati: mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabaraza ya majimbo sharti yawe na idadi ya watu iliyolingana, na Texas ikalazimika kuichora ramani yake upya. Eneo jipya la Seneti, namba 11, lilikusanya mitaa iliyokuwa tayari inampigia Jordan kura. Mwaka 1966 aligombea humo, akashinda, akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti ya Texas tangu 1883. Mwaka 1972 alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka majimbo ya Kusini. Tarehe 25 Julai 1974 hotuba yake mbele ya Kamati ya Sheria, juu ya kumwondoa Rais Nixon, ilisikilizwa na nchi nzima. Na mwaka 1976 alikuwa msemaji mkuu katika mkutano mkuu wa chama cha Democrat.

Kisa hiki kina wasimulizi wa namna mbili, na wote wawili huniudhi kidogo. Wa kwanza husimulia moyo wa Jordan na kuisahau ramani. Wa pili husimulia ramani na kuusahau moyo. Kama ramani isingechorwa upya, angeweza kujiamini mpaka kaburini asipate kiti. Na kama angekuwa amekata tamaa mwaka 1964, ramani mpya ingelimkuta nyumbani, na kiti kingelikwenda kwa mwingine. Aliyeshindwa mara mbili na asitofautishe mpaka uliomo moyoni mwake na mpaka uliochorwa na wengine huwa katika hatari mbili: ama atajilaumu kwa kosa la ramani, ama ataishutumu ramani kwa ajizi yake mwenyewe.

Kusini mwa Dallas uko mji wa Waxahachie, ambako alilelewa Bessie Coleman katika familia ya wachuma pamba. Alipotaka kujifunza kurusha ndege, shule za Marekani zilimkatalia kwa rangi yake na kwa uanamke wake. Hakupoteza wakati kujishauri kama anaweza au hawezi. Alijifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, na mwezi Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa ya urubani. Mpaka wake ulikuwa wa nje, akauzunguka.

Sasa na tuje kwa watu wetu. Irving, Arlington, Garland na Fort Worth, na vitongoji vya kusini-magharibi mwa Houston, vina Waswahili wa kila namna: Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo au kwa bahati nasibu ya viza, na Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi baada ya kukaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu ya Kigoma na Nakivale ya Uganda. Ukikaa nao jioni, chai ikiwa mezani, utasikia mashairi ya unyonge yasiyo na vina. Shule ni ya watoto, sisi tumekwisha. Umri umekwenda. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Sisi ni wa kubeba maboksi. Na mara nyingi msemaji wa maneno hayo ana shahada ya chuo kikuu katika sanduku lililo chini ya kitanda.

Baadhi ya mipaka hiyo ni ya ramani, na si adabu kumhubiria mtu kujiamini ilhali analipa kodi ya nyumba kwa zamu mbili, hana wa kumwachia mtoto usiku, na hati zake za ukaazi hazijakamilika. Huyo anahitaji yaya, mwanasheria na usingizi. Lakini iko mingine ambayo nimeitazama kwa karibu nikaona haina ukuta wowote nyuma yake. Yuko, mathalan, msaidizi wa wauguzi, yule ambaye watu wetu humwita kwa herufi tatu, CNA, cheo kinachopatikana Texas kwa mafunzo ya saa 100: 60 za darasani na 40 za vitendo. Amewageuza wagonjwa vitandani kwa miaka minane. Akimkunjulia mzee shuka anaona ngozi ya kisigino imebadilika rangi kabla kidonda hakijafunguka, akamwita muuguzi. Akimgusa paji la uso anajua homa imeanza. Anajua ni yupi anayekataa chakula kwa huzuni na ni yupi anayekataa kwa meno. Muulize kwa nini haendi kusomea uuguzi, atakujibu kwamba yeye hana kichwa cha shule. Ushahidi wa kichwa chake umo mikononi mwake kila usiku, ila yeye hauhesabu, kwa kuwa hakuna aliyempa cheti chake.

Na akijitia hima akasoma, akafika mwisho, hukutana na mtihani wa leseni uitwao NCLEX, ambao umewavunja moyo wengi kwa sababu hawakuambiwa jinsi unavyofanya kazi. Unafanywa kwa kompyuta, na kompyuta hiyo humpima mtahiniwa kwa kumfuata: akijibu sawa, swali linalofuata huwa gumu zaidi, akikosa, hurahisishwa. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na mashine huacha mara tu inapopata yakini ya kutosha kwamba huyu amefaulu au hajafaulu. Tafsiri ya mambo haya ni ya ajabu. Mtahiniwa aliye hodari ataletewa maswali anayoyakosa takriban nusu kwa nusu, na atatoka chumbani akiamini ameanguka, hali amefaulu. Hisia ya kwamba siwezi, ndani ya chumba kile, haina thamani ya ushahidi hata chembe. Mtu akilijua hilo kabla, mapigo ya moyo wake hayatakuwa tena hukumu. Na hata akianguka kweli, baada ya siku 45 anaruhusiwa kurudi.

Jinsi ya kusoma nayo ina habari yake. Uri Treisman, mtaalamu wa hisabati aliye katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alianza akiwa Berkeley katika miaka ya 1970 kuchunguza kwa nini wanafunzi weusi waliokuwa hodari katika shule zao walikuwa wakianguka somo la kalkulasi. Walimu walimpa sababu zilizozoeleka: hamu hawana, wazazi hawajali, matayarisho ni haba. Treisman akawafuata wanafunzi mpaka vyumbani mwao, akakuta sababu hizo hazina msingi. Walisoma kwa bidii, ila kila mtu peke yake; wakati wenzao wa Kichina walisoma pamoja, wakila pamoja, wakisahihishana, na kwa njia hiyo kila mmoja alijua kwamba swali lililomshinda limewashinda na wengine. Aliyesoma peke yake aliliona swali lile lile kuwa ni siri ya aibu yake. Treisman aliwakusanya katika makundi, akawapa maswali magumu zaidi, si mepesi zaidi, na matokeo yao yakapanda. Chuoni hapo hapo Austin, David Yeager na wenzake walichapisha mwaka 2019, katika jarida la Nature, jaribio lililowahusu wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa: somo la chini ya saa moja, lililowafundisha kwamba akili hukua kwa kutumiwa, liliwapandisha walio nyuma kwa sehemu 0.10 ya alama, na lilifaa zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe kwa wenyewe waliheshimu kazi ngumu. Faida ipo, ni ndogo, na haioti penye majirani wakavu.

Nimeiona meza ya namna hiyo Arlington, Jumamosi asubuhi: wanawake wanne, wawili wametoka zamu ya usiku na viatu vyao vyeupe viko mlangoni, mmoja anasoma swali kwa simu, na wawili wanabishana kama mgonjwa aliyepungukiwa na pumzi alishwe kwanza au ainuliwe kwanza. Mwenye leseni tayari, dada wa watu aliyefaulu mwaka uliopita, anakaa kimya mpaka wamalize, kisha anauliza, “Nani kakuambia atakula akiwa amelala?” Wote wanacheka, na swali halitasahaulika.

Basi nina ombi kwa viongozi wa vyama vyetu vya Dallas, Fort Worth na Houston, vya Wakenya, vya Watanzania na vya Wakongo. Ada ya kujiandikisha kwa mtihani wa NCLEX ni dola 200. Akifa mwenzetu, chama huchanga maelfu ya dola kwa muda wa juma moja ili maiti irudishwe nyumbani, na hufanya vyema kuchanga. Kitengwe humo humo, katika kila mchango wa mwaka, kifungu cha kumlipia ada aliye hai, na kila aliye na leseni aombwe kutoa Jumamosi moja kwa mwezi mezani pake.